Kichupa Namba Tisa

Joshoni, tarehe 3 Februari

Mdogo wangu Kiulizo,

Boksi la barafu hilo hapo, dereva wa idara ya mifugo amelipakata kama bibi harusi. Maboma kumi na manne, vichupa kumi na vinne, na kupe walikuwa hai mpaka natia kizibo. Nimefuata maagizo yako yote: kila boma kichupa chake, kila kichupa namba yake, na jani bichi ndani wasikauke. Baba ameuliza mara tatu kama ni kweli ulisomeshwa miaka yote ile ili uje kuomba kupe. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Si angesema tu, tungempa bila shule."

Barua nakuwekea chini ya kifuniko. Simu huku inashika juu ya kilima tu, na mimi siwezi kusimama kilimani nikipiga kelele kuhusu kupe. Watu watasema mtunza josho kanywa dawa ya josho.

Wifi yako hajambo. Mimba ina miezi mitano sasa, na Mkunga kasema mtoto anakaa vizuri. Amemwambia ale, alale, na asinisikilize mimi.

Kichupa namba tisa ni kitupu. Ni cha kwake huyo huyo Mkunga. Sikumruka, nilikwenda.

Kaka yako,
Bwana Josho


Maabara, tarehe 12 Februari

Kaka, shikamoo.

Kupe wamefika salama, wengine wakitembea kwa maringo kama wageni waalikwa. Kazi yenyewe ni hivi, maana najua Baba atauliza: kupe wa kichupa kimoja nawasaga pamoja, kisha mashine inasoma vinasaba vya kila kilichomo. Kupe mwenyewe, damu aliyoinywa na virusi alivyovibeba. Tunatafuta virusi ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviona.

Lakini kaka, kichupa kitupu! Nilikuambia thelathini kila boma. Mkuu wa maabara alikipindua, akakigonga mezani mbele ya watu, akaniuliza, "Huyu kaka yako ana macho?" Wakacheka wote. Nilitamani ardhi ipasuke. Ng'ombe gani huyo asiye na kupe hata mmoja? Sema ulichoka kupanda mlima.

Nakurudishia kichupa. Kijaze. Kitupu hakihesabiki.

Nisamehe ukali. Ni mimi niliyewaambia hapa kwamba kaka yangu anafaa kuliko watu wao wa kulipwa. Usiniangushe.

Mdogo wako,
Kiulizo


Joshoni, tarehe 19 Februari

Kiulizo,

Namba tisa hiyo hapo, imejaa. Kupe thelathini na wanne, wanne ni wa nyongeza, usije ukasema sijui kuhesabu. Mwambie Mkuu wako macho ninayo, yote mawili, na yanaona.

Dereva anapiga honi.

Bwana Josho


Maabara, tarehe 28 Machi

Kaka! Kaa chini kwanza.

Tumepata kirusi kipya. Vichupa kumi na vitatu havikuwa na jambo la kushangaza, jamaa wale wale tunaowajua. Namba tisa peke yake ndiyo iliyokuwa nacho. Nimekilinganisha na kila kirusi kilichowahi kuandikwa duniani, na hakuna kinachofanana nacho zaidi ya binamu wa mbali. Nimerudia mara tatu. Mkuu, ambaye husifu mtu siku akistaafu, alinishika mkono mbele ya wote na kusema, "Kazi safi." Nilikwenda chooni kulia. Kwa furaha, usiogope.

Sasa sikiliza. Utaratibu wetu ni kwamba kirusi cha kupe hupewa jina la mahali kupe wake alipookotwa. Na mlima ule kwenye ramani umeandikwaje? Kwa Mkunga! Kwa hiyo yule aliyetupokea sisi wawili kwa mikono yake ataingia vitabuni. Mpe salamu zangu, mwambie hii ni zawadi yangu kwake.

Kama kinadhuru mtu bado hatujui. Inabidi tukioteshe kwenye seli, tuone kama kinaingia za binadamu au kinaishia kwa wanyama. Ni kazi ya miezi. Ila taarifa ya kwanza imeshakwenda idarani, ndivyo sheria inavyotaka.

Mdogo wako mwenye kirusi (mezani, si mwilini),
Kiulizo


Joshoni, tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Hongera. Baba amewaambia watu wote wa kisimani, hata wasiouliza.

Idara wameleta tangazo. "Ng'ombe wa Kwa Mkunga wasishuke joshoni wala kisimani mpaka itakapotangazwa tena. Kirusi kipya." Mimi ndiye mtunza josho, basi ni mimi niliyepewa nyundo na misumari. Watu waliona maneno mawili ya mwisho tu, mengine hawakuyasoma. Wiki haijaisha, wajawazito wameacha kupanda kwake. Aliyekuwa akimpelekea kuni anaziacha njiani na kukimbia.

Jana alishuka mwenyewe. Akasoma, akavaa miwani, akasoma tena. Akaniuliza, "Kwangu mimi? Una hakika?" Nikamjibu, "Mambo ya maabara hayo, bibi. Mimi ni mpeleka vichupa tu." Akavua miwani, akapanda zake.

Salamu zako sikumpa.

Hivi hilo jina haliwezi kuwa jingine? Ndege, ua, chochote? Na haiwezekani mkasema mmekosea kidogo?

Kaka yako


Maabara, tarehe 20 Aprili

Kaka, shikamoo.

Namwonea huruma bibi, kweli kabisa. Lakini jina halitolewi kwa huruma. Linatolewa kwa mahali. Watu wakielimishwa wataacha hofu, na wewe ndiye wa kuwaelimisha, si unakutana nao kila siku ya kuogesha mifugo?

Nina swali moja dogo, la kukamilisha karatasi tu. Damu iliyokuwa matumboni mwa kupe wa namba tisa si ya ng'ombe. Ni ya punda. Je, Mkunga alinunua punda lini?

Jibu kwa kifupi, ukipata nafasi.

Kiulizo


Joshoni, tarehe 27 Aprili

Mdogo wangu,

Kuhusu punda. Waziri, punda wetu, siku hizi hupanda mpaka kwa Mkunga kunywa maji, na kupe kama unavyojua huhama. Itakuwa walimtoka yeye wakawapanda ng'ombe wa kule siku ile ile niliyowaokota. Nadhani hilo linatosha kwenye karatasi.

Wifi yako miguu imemvimba. Mwezi ujao mwishoni, Mungu akipenda.

Kaka yako


Maabara, tarehe 6 Mei

Kaka,

Asante kwa maelezo ya punda. Nimeyaandika kama ulivyosema, sentensi moja, chini kabisa ya ukurasa.

Jana nilisimama mbele ya wataalamu tisini na nikaeleza kirusi cha Kwa Mkunga kwa dakika ishirini. Walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza habari za punda.

Msalimie wifi.

Kiulizo


Nyumbani, tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Mtoto amezaliwa, wa kike, na yu hai. Naanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umekaa.

Uchungu ulimshika wifi yako Jumanne asubuhi, jua limeshatoka. Kwa Mkunga ni dakika kumi. Zahanati ni mwendo wa saa tatu, na njia yake inapita langoni kwake. Akasema, "Tupite tu, siwezi kumzalia mwanangu kwenye ugonjwa." Kiulizo, nilikuwa na maneno ya kumgeuza. Yalikuwa mdomoni, nayasikia kabisa. Lakini ningeyasema, ingebidi niseme na mengine. Nikabeba mkoba.

Tulipofika mbele ya lango la Mkunga, alikuwa amesimama. Alishatusikia tangu bondeni. Alikuwa ameshanawa mikono, maji yanamdondoka viwikoni, mikono ameinua hivi, kama wanavyoinua wakiwa tayari. Mimi niliinama, nikamshika mke wangu, tukapita. Nilipogeuka bado alikuwa vile vile na mikono yake juu.

Mtoto alitoka njiani. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Nikavuta mimi. Mikono hii inayovuta ndama. Mkono wake wa kushoto umelegea, hauinuki, anauburuza tu anaponyonya. Zahanati wanasema labda utarudi, labda hautarudi.

Sasa ukweli wa namba tisa, na ukitaka kunikana baada ya kuusoma, nikane.

Kwa Mkunga hakuna kupe. Kila jioni yule bibi hukaa kwenye kigoda chake na kuwapapasa ng'ombe wake saba mmoja mmoja, masikioni, chini ya mkia, kwenye chuchu, anawatoa kwa kucha na kuwatia motoni. Siku ile ya kwanza nilikagua wote saba. Akawa ananicheka, akasema, "Ukimwona kupe hapa kwangu, mpe jina langu." Ndiyo maana kichupa kilikuja kitupu.

Uliponiandikia nina macho au sina, iliniuma. Ningepanda tena, ningerudi na kitupu tena, nanyi mngecheka tena. Nikaenda nyuma ya nyumba kwa Waziri. Unajua josho alilikataa tangu siku aliyomng'ata Baba, tukamwachia. Masikio yake yalikuwa yamejaa kupe ndani, hapana pa kuweka kidole. Nyumba ya mtunza josho! Niliona aibu kuandika "punda wetu" kwenye lebo. Nikawatia kwenye namba tisa, nikaifunga, nikampa dereva.

Kupe mwenye kirusi ni wetu. Nimempa mwanamke safi kuliko wote uchafu wangu, na nimeupigilia misumari.

Kaka yako, kama bado ni kaka yako


Maabara, tarehe 11 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Hiyo ni ya kweli, siiandiki kwa mazoea.

Nilijua.

Waziri hajawahi kupanda ule mlima. Tangu tuko wadogo hakupanda hata kwa fimbo. Maji ya nyumba ya Mkunga tumeyabeba kichwani, mimi na wewe, kwa ajili ya kiburi cha punda yule. Na kule kote hakuna punda mwingine. Mashine iliponiambia "punda", nilimwona kwa macho yangu, amesimama nyuma ya nyumba akitikisa masikio. Taarifa ilikuwa imeshakwenda. Mkuu alikuwa ameshanishika mkono. Nikakuuliza wewe swali "dogo", nikiomba unidanganye, nawe ukanifanyia hisani hiyo. Nilipofungua barua yako nilishusha pumzi. Hebu fikiria, kaka. Nilishusha pumzi!

Wewe ulidanganya kwa sababu nilikuaibisha kwa kichupa. Mimi nilidanganya kwa sababu ya makofi. Usilibebe peke yako. Kila nikinawa mikono hapa maabara, namwona yule bibi langoni.

Jana niliingia kwa Mkuu na barua zako zote nne za kupe. Amezisoma akiwa amesimama. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alisema tu, "Kitupu kilikuwa ndilo jibu, nawe ukalirudisha." Kisha akasema na yeye alicheka siku ile, na hilo ataliandika kwenye barua yake mwenyewe. Taarifa imefutwa. Mimi nimeondolewa kwenye kupe, kwa sasa naosha vyombo vya glasi. Jina limebadilishwa, nimeandika mwenyewe: kirusi cha Kwa Bwana Josho. Ni haki.

Na kuna jambo la kukufanya ulie zaidi. Kwenye seli za binadamu kirusi hakikui. Tumejaribu mara nne, kinakufa siku ya pili. Tumepima pia damu za watu arobaini wa huko kwetu zilizohifadhiwa zahanati, hakuna hata mmoja aliyewahi kuguswa nacho. Kwa tunavyojua leo ni kirusi cha kupe na punda. Wifi hakuwa na sababu ya kupita lango lile. Hakuna mtu aliyekuwa nayo.

Idara watatuma tangazo jipya, usilisubiri. Lile la kwanza ulilipigilia wewe, ling'oe wewe, mchana, siku ya kuogesha, watu wakiwepo. Wifi mwambie kabla yao. Mimi nakuja nikiruhusiwa, na nitapanda kwa Mkunga kwa miguu yangu. Barua hii ya ndani ni yake. Mpe mkononi.

Mdogo wako


Joshoni, tarehe 25 Juni

Mdogo wangu,

Nilimwambia wifi yako kwanza. Alikuwa anamnyonyesha mtoto. Hakulia. Aliushika ule mkono mdogo akauinua mbele yangu, akauachia, ukaanguka. Leo siku ya tano hajanisemesha, na chakula ananiwekea mlangoni, kama zile kuni za Mkunga.

Siku ya kuogesha nilipanda juu ya ukuta wa josho. Nikang'oa tangazo kwa mkono, nyundo niliisahau, misumari ikanichana. Nikasema yote. Mwanzo walicheka, kuna mmoja akapaza sauti, "Kumbe mwenye dawa ndiye mwenye kupe!" Nikasubiri wamalize. Nikasema habari ya lango, na ya mtoto. Hapo hakuna aliyecheka tena. Baba alikuwa mstari wa mbele. Akavua kofia, akaondoka bila kuniangalia. Nilikuta amemtia Waziri kamba, anamtoa kupe kwa kibano, mmoja mmoja.

Mkunga alikuwepo pia. Alishuka na ng'ombe wake saba kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageuza ng'ombe. "Wangu hawahitaji josho," akasema, na akapanda nao.

Kesho yake nilimpelekea barua yako. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama kile kichupa ulikirudisha. Nikamwambia kipo, kilikuja kimeoshwa ndani ya boksi. Akasema nikilete, na kibano. Tukakagua ng'ombe wote saba, mimi na yeye, saa nzima, na alikuwa akininyanyulia mikia mwenyewe. Hakunisemesha neno lisilo la ng'ombe.

Leo amenipa kifurushi nikutumie. Sikukifungua. Nimejifunza.

Kaka yako


Kwa Mkunga, tarehe 25 Juni

Kiulizo,

Hujambo. Mimi niko kama unavyojua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wewe hata siku nilipokupokea ulitoka ukipiga kelele kama mtu anayedai chake, na kaka yako alitoka kimya, nikampiga makofi ndipo akalia. Hamkubadilika. Mmoja anapenda kusikika, mwingine anaogopa.

Unaniomba nikusamehe. Sijafika huko, na usinihimize. Miezi miwili na nusu nilikaa na mikono hii haina kazi. Watoto saba wamezaliwa bila mimi, nimewahesabu kwa kusikia vilio vikipita bondeni. Mama zao sasa watarudi, najua, watakuja na maneno matamu. Lakini yule wa kaka yako alipita mbele ya lango langu akiwa bado mzima.

Kuhusu jina. Unaniambia mmeondoa langu mkaweka la kwenu, na unaona ni haki. Nani atakayelibeba? Ni yule mtoto, atakapokwenda shule na mkono wake. Lifute na hilo. Mdudu hana haja ya jina la mtu. Mpeni namba.

Nimemwambia mama yake amlete kila asubuhi. Nitaukanda mkono kwa mafuta ya moto, nimewahi kurudisha miwili, na mmoja ulinishinda. Simfanyii baba yake wala shangazi yake. Huyo alikuwa wangu kabla hajawa wenu.

Nakutumia kichupa chako namba tisa. Tumekagua ng'ombe saba, kaka yako shahidi, naye safari hii alikuwa na macho. Lebo nimeiandika kwa mkono wangu, mahali, tarehe na idadi ya kupe. Usikirudishe tena.

Kihesabu.

Mkunga